Sentensi ya Mfano Iliyonifuata Hadi Kilabuni

Mwalimu akiandika sentensi ya mfano ubaoni, sentensi hiyo ni ya nani? Ni yake, ni ya wanafunzi wake, au ni ya sarufi peke yake? Nimelitafakari swali hili tangu saa kumi na nusu alasiri na mpaka sasa sina jibu. Nilicho nacho ni fedheha. Ndugu zangu wa darasa letu la chuo, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya watu kumi na watatu, mrija ukiwa mdomoni. (Nguo nilikuwa nimevaa. Hata tai. Nasema kwa namna ya kusema.)

Nianze mwanzo, maana kisa hiki nikikianzia katikati nitaonekana mlevi.

Mnajua kwamba tangu nirudi Sumbawanga, siku za kazi huwa ofisini, na Jumamosi asubuhi nawafundisha Kiingereza watu wazima wa jumuiya yetu ya kanisa, hapa Katandala. Ni kazi ya kujitolea. Wanafunzi ni tisa, lakini wawili wanatosha kwa kisa hiki. Wa kwanza ni Mama Evodia, fundi cherehani, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye huandika daftarini kila ninachotamka, na nadhani hata ninavyokohoa. Wa pili ni Sabas, dereva wa bodaboda, ambaye huuliza swali kabla sijamaliza jibu la lile la kwanza. Mimi mwenyewe ni katibu wa jumuiya hiyohiyo. Tafadhali likumbukeni hilo la ukatibu.

Somo la leo lilikuwa "give up".

Niliwaeleza kwa utulivu. Hayo ni maneno mawili madogo yanayotembea pamoja. Ukiyatafsiri moja moja utapata kitu kama "toa juu", na hutaelewana na mtu yeyote. Yakiwa pamoja, maana yake ni kuacha jambo ulilokuwa umelizoea. Kinachofuata baada yake kiwe jina la kitu, au kitendo chenye "-ing" mwishoni. Usiweke "to". Nikaomba mifano.

Sabas akasimama. "Teacher! I give up to carry three passengers!"

"Vizuri, lakini sema 'I have given up carrying'. Na umeacha kweli kupakia abiria watatu?"

"Bado, Teacher. Huu ni mfano tu."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. (Laiti ningejua kwamba kijana yule alikuwa amenipita kwa hekima, na kwamba maneno yale matatu, "ni mfano tu", yangeniokoa iwapo ningeyasema mimi.)

Mama Evodia akainua kalamu. "Mwalimu, tupe na ya kwako. Ya mwalimu ndiyo tunayoikumbuka."

Nikafikiri. Mimi huamini kwamba mfano mzuri hutoka katika maisha ambayo wanafunzi wanayajua. Sasa, ni kitu gani changu ambacho Katandala nzima inakijua? Si shahada yangu. Ni kwamba kila Jumamosi alasiri nipo Chanji, kwa Bibi Leokadia, nikinywa kimpumu. Kwa nyinyi msiowahi kufika huku: kimpumu ni pombe ya ulezi. Inawekwa chunguni, inamiminiwa maji ya moto, na mtu anaivuta taratibu kwa mrija huku upepo wa Ufipa ukihangaika nje. Mimi si mlevi. Sijawahi kuanguka, kutukana, wala kupotea njia. Mimi hukaa tu. Hukaa kuanzia saa nane hadi jua linapozama.

Basi nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wangu bora: "I have given up kimpumu."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba nilitaka wajizoeze kutaja mtu mwingine, kwa hiyo nikabadilisha: "Mwalimu has given up kimpumu." La tatu ni kwamba niliwaambia waisome kwa sauti, wote kwa pamoja. Mara tatu. Madirisha yakiwa wazi.

"MWALIMU HAS GIVEN UP KIMPUMU!"

Mama muuza maharage aliyekuwa akipita nje alisimama. Nikaona hamasa, nikaendelea. Nikawafundisha kwamba ukitumia kiwakilishi badala ya jina la kitu, kinaingia katikati ya yale maneno mawili: "He has given it up." Nayo wakaiimba mara tatu, huku Sabas akipiga dawati kama ngoma.

Mama Evodia hakucheka. Aliandika, akapiga mstari chini yake kwa rula, kisha akajifuta macho. Nilidhani ni vumbi la chaki.

Hapa inabidi niwaeleze kanuni moja ya jumuiya yetu. Inasema hivi: mwanajumuiya akitangazwa mara tatu mbele ya mashahidi, naye yupo na hakukanusha, kwamba ameacha jambo linalomsumbua, jumuiya itamtembelea nyumbani siku hiyohiyo na kusali naye. Siku hiyohiyo, kwa sababu mzee wetu mmoja aliwahi kuacha ugoro siku ya Jumatatu, tukapanga kumtembelea Alhamisi, tukamkuta amekwisha kuurudia Jumanne. Kanuni hiyo imeandikwa vizuri sana. Niliiandika mimi. Na leo asubuhi haikunijia akilini hata kidogo, maana nilikuwa nikifikiria viwakilishi.

Nilifika nyumbani saa saba. Mke wangu, Ansila, ni muuguzi, na zamu zake humwachia Jumamosi kuanzia mchana. Nilimkuta amevaa kitenge kipya. Mezani palikuwa na ugali wa ulezi, na migebuka kutoka Kipili, wale aliokuwa akiwaficha kwa ajili ya siku wakwe wa binti yetu Klara watakapokuja. Nikashangaa, lakini mtu mwenye njaa hachunguzi.

"Baba Klara, unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Kichwa hakiumi?"

"Hapana."

"Mikono haitetemeki?"

"Ansila, mimi ni mzima kabisa."

"Mungu ni mwema," akasema, akarudi jikoni akiimba.

Nilikula samaki wawili. Nikatafakari jinsi ndoa inavyoweza kuchangamka ghafla baada ya miaka kumi na tisa, bila sababu, na nikaona si busara kuuliza. Nilipomaliza nikachukua koti.

"Nafika kwa Bibi Leokadia."

Akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Leo leo?"

"Leo leo. Kwani kuna haja ya kuchelewa?"

"Hapana. Nenda, Baba Klara. Mwingine angetuma mtu. Wewe unakwenda mwenyewe."

Ndugu zangu, nakiri kwamba nilitembea nusu saa nzima hadi Chanji nikiwaza: ni mke gani huyu?

Kwa Bibi Leokadia kuna utaratibu. Kila mteja wa siku nyingi ana mrija wake, uliochongwa kwa tete, na mirija yote huchomekwa juu ya mlango, chini ya bati. Wangu una uzi wa buluu. Mteja akiuchomoa mrija wake na kwenda nao nyumbani, maana yake ameaga. Bibi hamuulizi kitu, na kiti chake hupewa mwingine. Mji mzima unaujua utaratibu huo. Mke wangu pia anaujua. (Mnaanza kuona? Mimi sikuona.)

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu wangu. Ulezi ni mpya, wa mavuno haya haya. Keti."

Nikaketi mahali pangu, mgongo ukutani, uso mlangoni. Chungu kikaletwa, kikamiminiwa maji ya moto, na mimi nikashusha mrija. Nje upepo ulikuwa mkali. Ndani kulikuwa na joto, wazee wanne wenye maneno machache, na harufu ya ulezi. Sijui kama kuna raha iliyo safi kuliko hiyo. Bibi aliniongezea maji mara ya kwanza. Akaniongezea mara ya pili. Nikafikia ile hali ambayo mtu huyasamehe mawazo yake yote.

Mnamo saa kumi na nusu nikasikia kuimba kwa mbali.

"Harusi," akasema mzee mmoja.

"Harusi gani isiyo na tarumbeta?" akajibu mwingine. "Huo ni wimbo wa kanisa. Wanampeleka mtu."

Wimbo ukakaribia. Ni wimbo ambao mimi huimba besi, na besi ya wimbo ule ni tamu sana. Nikashindwa kujizuia. Niliimba bila kuutoa mrija mdomoni, na chungu kikatoa mapovu kwa kufuata mapigo. Wazee wakafurahi. Mmoja akapiga makofi. "Hicho chungu kina sauti kuliko kwaya!"

Wakati ule ule mlango ukajaa watu.

Mbele alikuwa Mama Evodia, rozari mkononi. Nyuma yake, Sabas, ambaye alikuwa ameiacha pikipiki nje taa zake zote za pembeni zikiwaka na kuzimika, kama ya msafara wa kiongozi. Nyuma yao, wanajumuiya. Na katikati yao, katika kitenge kipya, akiwa na kuku mweupe kwapani, mke wangu.

Wimbo ulikatika. Mapovu yangu yaliendelea kidogo, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha kutoka.

Kuku alikuwa wa kwanza kusema.

"Mwalimu," akasema Mama Evodia. Neno hilo moja tu. Alilisema polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi.

Nilikuwa bado nimeuma mrija. Akili yangu, ambayo imesomeshwa kwa gharama za taifa hili, ilinipa wazo moja: usiutoe sasa, ukiutoa wataona ulikuwa mdomoni.

Bibi Leokadia akatokea na birika. "Karibuni, karibuni! Kuna nini?"

"Tumekuja kumsindikiza Mwalimu," akasema Mama Evodia. "Tulikwenda kwake, mkewe akatwambia amekuja mwenyewe kuchukua mrija wake. Ameacha kimpumu."

"Ameacha?" Bibi akalitazama birika, akanitazama mimi. "Nani? Huyu? Mbona nimemwongezea maji mara mbili?"

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Sabas, ambaye hapendi kitu kibaki bila jina, akainua mkono kama yuko darasani. "Teacher, samahani. Sasa tuseme 'has given it up', au tusubiri kwanza?"

"Sabas, funga mdomo," akasema Mama Evodia.

Nikautoa mrija. Nikafungua kinywa kusema kwamba ulikuwa mfano. Sarufi. Jina la kitu baada ya kitenzi. Lakini nikamwona Ansila. Hakuwa na hasira, na hasira ningeiweza. Alikuwa akikirekebisha kitenge chake begani, polepole, kama mtu aliyevaa vizuri kwa ajili ya sherehe na kugundua kwamba amekosea siku.

Kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Mume wangu amekuja kuaga. Bibi Leokadia amempokea hapa miaka kumi na mmoja. Mtu hawezi kuondoka mahali kama hapa kwa kunyakua mrija na kukimbia kama mwizi. Lazima aketi, anywe cha mwisho, ashukuru." Akanigeukia. "Au nimesema uongo, Baba Klara?"

Nje, taa za Sabas zilikuwa zikipiga tik, tik, tik.

"Hujasema uongo," nikasema.

(Sentensi hiyo haikuwa ya mfano. Niliujua uzito wake hata nilipokuwa nikiitamka. Tangu hapo nilielewa kwamba mke wangu ama amesema kweli mbele ya jumuiya, ama amedanganya kwa ajili yangu, na kwamba kitakachoamua ni mimi, si yeye.)

"Basi kanuni inasema tusali nyumbani kwake," akasema Mama Evodia, ambaye huiheshimu kanuni kuliko mwandishi wake. "Twendeni."

Nikarudishwa Katandala kwa maandamano. Nusu saa. Sabas mbele na taa zake, kwaya nyuma yake, mimi katikati nikinuka ulezi, kuku kwapani mwangu sasa. Barabarani watu waliuliza, "Ni harusi?" Mtoto mmoja akajibu kwa niaba yetu, "Hapana, amekamatwa!" Walinisalia rozari nzima. Walimla kuku. Mama Evodia alipoaga alinishika mkono kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele zote za wale wazee.

Walipoondoka, tukabaki mimi na Ansila na vyombo. Nikamwambia ukweli. Nikamweleza ubao, viwakilishi, Sabas na abiria wake watatu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisuuza sahani.

"Kwa hiyo ulikuwa mfano."

"Ulikuwa mfano."

"Mfano wa nani?"

"Wa... sarufi."

"Sarufi haina mume, Baba Klara. Mimi ninaye."

Akaifuta sahani ile ile mara mbili.

"Na usifikiri ni pombe," akasema. "Hujawahi kunikosea kwa pombe. Ni Jumamosi. Mama Evodia aliponiletea habari sikufikiria mambo ya dhambi. Nilifikiria kwamba wiki ijayo nitachambua maharage yangu pale nje, na kutakuwa na mtu kwenye kile kiti kingine."

Miaka kumi na mmoja sikuwahi kujiuliza kile kiti kingine ni cha nini. Nilidhani ni cha wageni.

Niliketi kuwaandikia haya jioni hiyo hiyo, nikiwa na nia ya kumalizia kwa mzaha, lakini umeme ukakatika na simu ikazima. Namalizia sasa, Jumapili asubuhi, na mambo yamekwisha kusogea.

Leo nilitoka kabla ya misa ya kwanza. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nilimkuta Bibi Leokadia akipuliza moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kilabu hakijafunguliwa, Mwalimu."

"Nimefuata mrija."

Hakuniuliza kitu. Alipanda kigoda, akauchomoa, akaufuta kwa ncha ya khanga. Kisha akaufungua ule uzi wa buluu na kuuweka mfukoni. "Uzi ni wangu," akasema. "Atapewa mwingine." Nikamshukuru kwa miaka yote, naye akaniambia nimsalimie sana Mama Klara, na kwamba ana mdomo wa wakili.

Nyumbani nilimkuta Ansila akijiandaa kwenda kanisani. Nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akauelekeza dirishani na kuchungulia ndani yake kwa jicho moja.

"Kumbe ni mwembamba hivi," akasema. "Na Jumamosi zote zile ulizipitisha humu?"

Akauweka juu ya kabati, karibu na picha ya harusi yetu. Kisha akakunja mikono.

"Haya. Tamka."

"Mara ngapi?"

"Kanuni uliiandika wewe."

Nikatamka mara tatu, kwa Kiswahili. Dirisha nililifunga kwanza.